Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, tulipanga vituo kwa ajili ya Nkambo

Wengi wenu mlituuliza kwenye mkutano wa siku ya posho namna gani tulifika Kolwezi na Nkambo wetu bila yeye kugonjwa. Masomo yamefungwa, na wengine wanajitayarisha kupeleka watoto kwa jamaa. Kwa hiyo tunawaandikia habari yote, pamoja na makosa yetu.

Tulikuwa watu tisa katika motokari moja ya kukodi: sisi wamama watatu, watoto wanne, Nkambo, na shemeji yetu ambaye ndiye shofere. Nkambo alitaka kumwona kitukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa Kolwezi mwezi wa tano. Lakini alikuwa ameapa hatapanda motokari tena kwa njia ile, na alikuwa na sababu.

Mwaka jana tuliondoka Lubumbashi mchana, saa 8, kwa kuwa kila mtu alikuwa na kazi ya kumaliza kwanza. Giza lilitukuta mbali kabla ya Fungurume. Kamiyo moja ilikuwa imeharibika katikati ya lami, haina taa hata moja. Wenyewe walikuwa wametandika matawi ya miti nyuma yake, kama inavyofanyika kwetu, lakini usiku majani yanaonekana wakati umekwisha kuyafikia. Shemeji alikata usukani, tukaingia katika majani ya pembeni. Hakuna aliyeumia. Watoto walilia mpaka Kolwezi.

Siku ile kulikuwa na jambo lingine pia ambalo hatukuliona. Nkambo alishuka akiwa na midomo mikavu na kichwa kikimuuma sana. Tulifikiri ni woga. Kesho yake ndipo alipotuambia kwamba tangu asubuhi hakunywa hata kikombe kimoja cha maji. Alisema, “Ningekunywa, ningejisaidia wapi? Mbele ya makamiyo?”

Wamama, tuseme ukweli: wengi wetu tunafanya hivyo hivyo. Baba akibanwa, anasimamisha motokari popote, anageuka upande, amemaliza. Sisi tunafunga kinywa tangu usiku wa kuamkia safari. Binti zetu wanatuona na wanajifunza. Kwa mtu mzima mwenye damu ya juu, au mtoto mdogo kwenye joto, ile si adabu tena. Ni hatari.

Basi mara hii tulikaa pamoja juma moja kabla. Barabara ya lami ni moja tu, kilometa 300 hivi, ikipita Likasi na Fungurume. Kitu cha kuchagua kilikuwa saa ya kuondoka na mahali pa kusimama. Shemeji alitaka twende moja kwa moja. Alisema kila tukisimama, makamiyo tuliyokwisha kupita yatatupita tena, na kazi ya kuyapita itaanza upya. Hakusema uongo. Njia ile imejaa makamiyo ya shaba, ya chokaa na ya asidi ya migodi, na kuyapita ndiyo hatari kubwa. Mama mmoja wetu alitaka tulale Likasi usiku mmoja, lakini makuta ya kulaza watu tisa hatukuwa nayo. Mwishoni tulipatana hivi: tutaondoka jua likitoka, tutasimama mara tatu, na kila kituo kitachaguliwa kwa kuuliza kwanza kama kuna choo ambacho Nkambo anaweza kuingia na magoti yake. Chakula na mambo mazuri ya kuona yatafuata nyuma.

Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi. Mwezi wa saba baridi ya Lubumbashi si mchezo, watoto walikuwa wamejifunika mablanketi. Makuta ya peaji tulikuwa tumeyatenga katika bahasha, noti ndogo ndogo, ili shofere asigombane na mtu kwa kukosa chenji.

Kituo cha kwanza kilikuwa Likasi, kama kilometa 120 kutoka nyumbani. Kabla ya kufika kuna daraja la mto Lufira, upande wa Kapolowe, na pale wamama wanauza samaki wa Lufira na wa ziwa Tshangalele, ziwa lililofanywa na bwawa la Mwadingusha. Watoto waliomba twende kuliona bwawa lenyewe. Tulikataa, kwa kuwa ni kuacha lami na kupoteza nusu ya siku. Tulipunguza mwendo tu, na hapo tulifanya kosa letu: tulinunua samaki wabichi. Tutarudi kwa habari hiyo.

Likasi ni mji wa vilima na majumba ya zamani, ule uliokuwa unaitwa Jadotville. Sisi hatukutafuta hoteli. Mwenzetu mmoja wa zamani wa chama anakaa pale, tulikuwa tumempigia simu. Alitupokea na maji ya moto, chai, bukari na lenga-lenga. Tulikaa saa nzima na zaidi. Nkambo alijisaidia, alinyoosha miguu, halafu akanywa vikombe viwili vya maji mbele ya macho yetu. Shemeji naye alilala dakika 20 kwenye kiti. Kwa hilo hakulalamika!

Kituo cha pili kilikuwa Fungurume, kwenye kituo cha esanse. Choo kilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa na mtu ambaye hakuonekana. Tulingoja, tukanunua esanse kidogo, na ufunguo ukapatikana. Bido yetu ya maji na sabuni vilisaidia, kwa maana ndani hamkuwa na maji.

Hapo pia samaki walianza kunuka. Tulipofungua madirisha vumbi liliingia, tulipofunga harufu ilituua. Tuliwapa mbwa wa pembeni. Kwa hiyo tunawaambia: samaki wa Lufira nunueni wakati wa kurudi, au chagueni waliokaushwa.

Kituo cha tatu hatukukipata. Kati ya Fungurume na Kolwezi hatukuona choo chochote cha kufaa, na Nkambo, kwa kuwa alikuwa amekunywa maji kama tulivyomwomba, alibanwa. Tulitafuta mahali pa wazi ambapo motokari inaweza kutoka kabisa katika lami. Wawili wetu tulishika vitenge viwili, tukamfanyia ukuta nyuma ya kichuguu kikubwa. Alicheka mpaka tukamshika mikono. Alisema tangu alipokuwa bibi arusi hakuzungukwa na vitenge namna ile.

Baada ya hapo tulivuka Lualaba. Nkambo aliwaambia watoto waangalie maji vizuri, kwa sababu ni yale yale yanayopita Kisangani na kuitwa Kongo, mpaka baharini. Mwaka jana tulivuka daraja lile usiku, na hakuna aliyejua kama tumelivuka.

Tulifika Kolwezi saa 8 na nusu mchana. Shemeji alihesabu: vituo vyote pamoja vilikula saa mbili na kidogo. Alinyamaza, halafu akasema kwamba mwaka jana tulifika saa 4 ya usiku. Nkambo alishuka mwenyewe, bila kushikwa, akaomba apewe mtoto.

Wamama wapenzi, kabla hamjauliza shofere atafika saa ngapi, mwangalie nani ni dhaifu kuliko wote katika motokari, na vituo vipangwe kwa ajili yake. Waliobaki hawatapoteza kitu. Ondokeni mapema ili giza lisiwakute. Na mnywe maji.

Tunaanza kuandika katika daftari ya chama mahali pote penye choo safi kwenye njia zetu. Ya Kolwezi tumeianza. Anayejua ile ya Kasumbalesa, ya Kasenga au ya Kipushi alete habari siku ya posho.