Nina Miaka 24 Lakini Mgongo Wangu Una 60

Wasee, leo naongea kuhusu mgongo. Najua haisikiki kama stori ya vijana, lakini nivumilie.

Nilipopata kazi ya kuingiza data kwa kampuni moja Kisumu, kwetu Ahero ilikuwa sherehe. Mama alichinja kuku. Majirani wakasema huyu sasa ametoka kwa matope. Kama hujui Ahero, hapa ni mchele. Mashamba ya umwagiliaji yalianza miaka ya 1960, maji yanatoka mto Nyando, na familia nyingi zina mtu ambaye ameinama kwa hayo maji akipanda mpunga. Kwetu ni dana, nyanya yangu.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa siwezi kugeuza shingo nikivuka barabara. Nilikuwa nageuka mwili mzima kama roboti. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni nimekaa. Kiti chenyewe ni kile cha plastiki kama cha matanga. Skrini iko chini, kwa hivyo naangalia chini siku nzima. Jioni nakaa tena kwa matatu, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, mpaka Ahero. Nikifika nakaa kwa kochi na simu. Piga hesabu mwenyewe.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Nimwambie dana, ambaye amepanda mpunga zaidi ya miaka 40, ati kuketi kumenimaliza? Na ofisini niko kwa kandarasi ya miezi sita, watu kibao wanatafuta nafasi hiyo hiyo. Basi nikawa mtu wa tembe za maumivu, asubuhi na mchana, hadi tumbo likaanza kuwaka.

Dana ndiye alinishika. Jumamosi moja nilishindwa kuinua mtungi wa maji. Alicheka kwanza, halafu akaacha.

“Nyakwara, huko kazini unanyooka saa ngapi?”

Sikumwelewa. Akaniambia shambani mgongo unauma, hakuna kudanganyana. Lakini ukimaliza mstari unasimama, unashika kiuno, unaenda kuchukua miche mingine, unamtania mwenzako. “Wewe unawekwa pale kama gunia.”

Iliniingia. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linasema karibu hivyo hivyo: punguza muda wa kukaa, sogeza mwili hata kidogo, na mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwaka huo huo watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Kwa hivyo wewe si mlegevu.

Sasa nafanya hivi. Skrini nimeiinua kwa rimu za karatasi hadi iko usawa wa macho. Miguu inakanyaga chini, haining'inii. Nabeba chupa ndogo ya maji makusudi, ndio niamke kuijaza kila mara. Jioni nashuka stegi moja kabla ya yangu, natembea. Tembe nimeacha. Shingo inageuka, mgongo bado unanikumbusha siku zingine. Lakini ukisikia ganzi inashuka mguuni, au mkojo unakushinda kuzuia, usingoje ushauri wa mtu wa mtandao kama mimi. Enda hospitali.

Kitu kigumu kilikuwa kuongea na bosi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi na vifaa vinamfaa mfanyakazi. Nilienda na hiyo kichwani, mikono inatetemeka. Aliniangalia kama nimeomba gari. Wiki mbili baadaye nikaletewa kiti cha zamani kutoka stoo, mkono mmoja umevunjika. Nikakichukua. Wenzangu wawili nao wakaomba vyao.

Kandarasi yangu inaisha mwezi ujao. Sijui kama wataniongeza, na ndiyo, nimewaza kama kile kiti kitanigharimu kazi. Lakini dana hakuinama miaka yote hiyo akilipa karo ndio mimi nivunjike mgongo nikiwa nimeketi.

Wewe je, unakalia nini kazini? Na leo umenyooka mara ngapi?