Chai ya Afisa

Niliacha chuo mwaka wa tatu nikaolewa Dallas. Marafiki wakasema nimejipata. Nilichopata ni kadi ya kijani ya miaka miwili, kwa sababu ndoa yetu ilikuwa changa. Ilishaisha muda. Sasa natembea na barua inayoiongezea miezi 48 huku ombi letu, fomu I-751, likisubiri. Humo tulitakiwa kuthibitisha kwamba hatukuoana kwa sababu ya makaratasi. Tulituma mkataba wa nyumba, taarifa za benki, picha za harusi, hadi risiti ya kitanda.

Mwezi huu natimiza miaka mitatu na kadi. Sheria ya Marekani inaniruhusu kuomba uraia, fomu N-400, hata kama lile la ndoa halijajibiwa. Ila lazima lipitishwe kwanza, ama yapitishwe pamoja.

Shida ni kwamba njia hii ya miaka mitatu inataka muwe mnaishi kama mume na mke. Wiki ya pili hii, mume wangu analala sebuleni. Hatujaachana, tumenuniana tu. Nikingoja miaka mitano, sharti hilo halipo. Lakini Mama anapiga simu kutoka Nakuru: “Bado tu, mwanangu?” Nikiwa raia naweza kumwombea aje. Kwa kadi, siwezi.

Jana nilimpelekea mume wangu chai hapo sebuleni. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

“Hii ni yangu, ama ni ya afisa wa uhamiaji?”

Nilicheka. Halafu nikakosa jibu.