Ponti ya nyuma ilipoanza kulia

Land Cruiser yetu ni ya zamani kuliko mtoto wangu wa kwanza, na ndiyo inayolisha nyumba. Inatoka Uvira na chumvi na sabuni kwenda Baraka, inarudi na mawese na ndagala. Kwa hiyo ilipoanza kulia upande wa nyuma, sikuweza kusema hayo ni mambo ya wanaume.

Ulikuwa mlio mwembamba wa kuvuta. Shoferi akikanyaga mafuta unapanda, akiachia unabadilika sauti. Ulitoka kwenye ponti, lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Humo ndani pinyo, jino dogo linalotoka upande wa injini, huzungusha kurona, lile gurudumu kubwa la meno, na nguvu inafika kwenye magurudumu.

Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Alisikiliza tu, akasema: "Mama, ponti imekufa. Lete dola 500 nikutafutie okazioni nzima." Juma lile zamu ya likelemba ilikuwa yangu, na pesa hiyo ilikuwa na jina tayari: karo ya watoto 3. Nikamjibu kwamba mgonjwa hazikwi kabla ya kupimwa.

Wa pili ni mzee wa upande wa Kalundu, haongei sana. Aliweka beseni chini, akafungua tapo. Mafuta yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Maji! Njia ya Baraka ina mito mingi inayoshuka milimani kwenda ziwani, na wakati wa mvua tunapita ndani yake. Mzee alinieleza: ponti ikiwa moto, ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa. Kuna kitundu juu cha kupumulia. Chetu kilikuwa kimeziba kwa matope yaliyokauka kama saruji, basi ponti ikavuta maji kupitia mipira iliyochakaa ya kuzuia mafuta.

Akachomoa mihimili, akateremsha kichwa kizima, akakiosha kwa mazuti. Meno ya kurona na pinyo yalikuwa mazima. Zilizokufa ni rulema: kutu ilikuwa imezichimba vishimo, na pinyo ilicheza mkononi.

Hapo nikaelewa kwa nini okazioni ingeweza kutuumiza mara mbili. Hesabu ya meno ya nyuma lazima ilingane na ya ponti ya mbele. Isipolingana, siku ukifunga magurudumu yote 4 mbele na nyuma vinashindana, na kitu kitavunjika. Nani angetuhesabia?

Rulema nilienda kununua mwenyewe, na zile za zamani mfukoni. Namba imechongwa ubavuni. Duka la kwanza kisanduku kilisema kimoja na chuma kikasema kingine, nikatoka. Rulema, mipira na mafuta ya gia 80W-90 yenye alama ya GL-5 vilifika dola 170, na mzee akachukua 60 kwa kazi yake.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko nguvu. Kurona na pinyo vilirudishwa pamoja kwa sababu vimelika pamoja. Mzee anasema hao ni mke na mume, ukibadilisha mmoja umebadilisha wote. Kisha akapima mchezo kati ya meno kwa saa yake ndogo: milimita 0.15 hadi 0.20, si zaidi. Akapaka meno rangi, akazungusha, akatazama yanagusana wapi. Yaligusana pembeni. Akafungua yote tena, akabadilisha kibati chembamba nyuma ya pinyo. Siku 2 zikaenda hivyo, wateja wa ndagala wakinipigia simu, na shemeji yangu akiuliza kama tumelipa mtu wa kuchezea rangi. Mara ya tatu alama ilikaa katikati ya jino.

Kwenye kitundu alifunga mpira mrefu, akaupandisha hadi juu karibu na karoseri, ponti ipate kupumua juu ya maji.

Karo imelipwa, ya mmoja kwa nusu. Safari ya kwanza nilikaa nyuma juu ya magunia, nikisikiliza mpaka Mboko. Baada ya kilometa 500 tutamwaga mafuta tena kutazama rangi yake. Nimeyaandika kwenye daftari la mauzo, chini ya madeni ya sabuni.