Masta ilibaki Kariakoo

Najua wengi mko kwenye presha ya tesiti, na mimi Jumatatu nina Saikolojia ya Elimu, lakini hii kitu imenikaa kichwani wiki nzima, bora niitoe. Ni kuhusu marapa wakali, wale ambao ukiwasikia mara moja unasema huyu jamaa anatoka tu. Wanasaini, picha zinapigwa, kalamu mkononi, mabosi wanacheka... halafu albamu haitoki. Sisemi ilitoka ikabuma. Haikutoka kabisa.

Tuanze na mbele, maana stori za huko ndizo wengi tunazibishania pale kwenye vimbweta. Rakim, ambaye hata wabishi wa kantini hawamgusi, alisaini Aftermath ya Dr. Dre mwaka 2000. Albamu ikapewa na jina kabisa, Oh, My God. Mwaka 2003 akaondoka, albamu haijaonekana. Papoose alisaini Jive mwaka 2006, magazeti yakataja dola milioni 1.5, albamu yake, The Nacirema Dream, ilikuja kutoka 2013 na Jive haimo. Saigon alikaa Atlantic miaka, kazi ikatoka 2011 kwa lebo nyingine, na jina lake ni The Greatest Story Never Told, yaani ile stori kali kuliko zote ambayo haikuwahi kusimuliwa. Jamaa alijitabiria! Jay Electronica ndiyo usiseme: alitangazwa Roc Nation mwaka 2010, A Written Testimony ikatoka 2020. Mtoto aliyezaliwa siku anasaini alikuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la nne.

Hao tuwaache, wana mawakili wao. Huku kwetu Afrika Mashariki je?

Nairobi kuna dada anaitwa Xtatic, anachana kwa kasi mpaka unatafuta pa kupumulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 aliingia Sony Music upande wa Afrika, na watu wakasema haya sasa, hip hop ya Kenya imefika. Mkataba ukaisha bila albamu. Baadaye mwenyewe akaeleza hadharani jinsi kipindi kile kilivyomwacha, na haikuwa stori ya raha. Hapa Bongo tunaye Ali Kiba (sio rapa, najua, msinianze). Mwaka 2010 alikuwa kati ya wasanii wanane wa Afrika waliorekodi na R. Kelly kule Chicago, kundi likaitwa One8, ndani yake kuna Navio wa Uganda, Amani wa Kenya, 2Face, Fally Ipupa na wengine. Ukatoka wimbo Hands Across the World, kila mtu akarudi kwao. Mwaka 2016 Kiba akasaini Sony. Sasa piga hesabu: albamu yake ya Ali K 4Real ni ya 2009, iliyofuata, Only One King, ni ya 2021. Nyimbo moja moja zilitoka na zilikimbiza, hilo sibishi. Ila albamu ndani ya ule mkataba hatukuiona.

Lakini ukweli ni kwamba kwa miaka mingi lebo kubwa ya Bongo haikuwa Sony. Ilikuwa Kariakoo.

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza hili hamlijui, na mimi mwenyewe nimelipata kwa kusimuliwa. Zama za kanda, ngoma ilirekodiwa kwa P-Funk pale Bongo Records, au kwa Master Jay, au kwa Miika Mwamba, au kwenye studio za uchochoroni ambazo feni inazimwa wakati wa kurekodi ili isisikike. Ukishamaliza ngoma kumi, unabeba masta yako unaingia Kariakoo kwa msambazaji. Huyo ndiye mwenye mashine za kuzalisha kanda, ndiye mwenye wateja wa jumla wanaoshuka kutoka Mbeya, Mwanza, Arusha na Kigoma. Anaisikiliza nusu, anauliza "hii inapigwa redioni?", kisha anakutajia bei. Bei moja, mara moja. Unasaini, unaacha masta, unaondoka na bahasha. Zikiuzwa kanda elfu mbili au elfu themanini, wewe utajulia wapi? Sheria ya hakimiliki tulikuwa nayo tangu 1999, na COSOTA ikawepo, lakini sheria haikai dukani kuhesabu maboksi.

Sasa hao tunaowasikia, Hard Blasters na Funga Kazi mwaka 2000, Profesa Jay na Machozi Jasho na Damu 2001, Mangwea na a.k.a Mimi 2004, hao ni wale ambao kanda zao zilitoka. Tunalia kwamba walilipwa kidogo, na ni kweli tulie. Ila kuna foleni nyingine nyuma yao ambayo hakuna anayeililia kwa sababu hakuna anayeijua: waliouza masta, na aliyeinunua akaiweka kabatini.

Kwa nini ununue kitu usikiuze? Hili lilinisumbua mpaka nikaelewa kwamba kwa mfanyabiashara ile ni akiba tu. Laki kadhaa anazitoa leo, anashika vijana watano. Mmoja wimbo wake ukilipuka redioni, ana mzigo tayari na hakuna mwingine wa kuutoa. Wanne waliobaki hawamdai chochote, kwa sababu alishawalipa. Kuzalisha kanda kunamgharimu, kava linamgharimu, na wezi wa kudurufu wanamsubiri mtaa wa pili. Kuacha masta ilale hakumgharimu hata senti. Sitaki kumfanya shetani, biashara ile ilikuwa na hatari zake na wengi walianguka. Nasema tu mkataba ulimruhusu.

Mjomba wangu ni mmoja wa hao wanne.

Walikuwa vijana watatu wa Buguruni. Jina la kundi amenikataza nisiandike, anasema litachekesha. Mwaka 2006 walimaliza ngoma kumi, moja ikawa inapigwa redioni usiku usiku. Msambazaji mmoja wa Kariakoo (simtaji) akawapa laki sita, wagawane. Karatasi ilikuwa ukurasa mmoja. Kava likatengenezwa kabisa, picha walipiga ufukweni Kivukoni, meli zinaonekana nyuma, wote watatu wamekunja sura na jezi zimewapwaya. Sampuli ya lile kava bibi analo mpaka leo, kalibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo.

Kisha wakaambiwa wasubiri. Subirini Ramadhani ipite, watu hawanunui muziki. Subirini albamu kubwa zipungue sokoni. Subirini Krismasi. Halafu kanda zikaanza kufa, wakaambiwa tungoje CD. CD nazo zikachomwa na kila mwenye kompyuta, elfu moja nyimbo hamsini mchanganyiko. Soko lenyewe likaoza. Hata wale wenye majina yao walikwama: Fid Q alitoa Propaganda mwaka 2009, na baada ya hapo mashabiki walikaa miaka na jina la KitaaOLOJIA mdomoni. Sasa kama Fid Q alisubiriwa hivyo, watoto watatu wa Buguruni nani atawakumbuka? Mjomba alipokwenda mara ya mwisho, mwaka 2011, alikuta duka linauza chaja na kava za simu. Kijana aliyekaa pale alimuuliza, "Masta ndiyo nini, bro?"

Mmoja wao wale watatu alifariki mwaka 2014. Ameacha binti, sasa hivi yuko sekondari, na hajawahi kusikia sauti ya baba yake. Simu yake haikuwa ya kurekodi, na zile ngoma kumi ndiyo mahali pekee sauti ilipokuwa. Aliniuliza mimi, eti kwa kuwa nipo chuo na najua mitandao, kama ninaweza kuzitafuta. Nimetafuta. Nimeuliza watu wanaokusanya kanda za zamani, nimezunguka Kariakoo Jumamosi mbili nikipandishwa na kushushwa ngazi. Hakuna kitu.

Ndiyo maana wiki hii nilipoletewa mkataba nilikaa vibaya.

Mshkaji wangu wa chumba cha tatu, jina kapuni, anachana vibaya mno. Mlimsikia siku ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, ule ukumbi ulisimama. Kuna lebo imempa mkataba. Kaja nao chumbani usiku, kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. "Ticha, wewe si unasoma lugha? Nisomee, Alhamisi natakiwa kusaini."

Mimi sio mwanasheria, nilimwambia. Lakini sarufi naijua, na nikachukua penseli. Nikazungushia kila penye "atalazimika" na kupigia mstari kila penye "inaweza". Msanii atalazimika kuwasilisha nyimbo kumi na mbili. Atalazimika kufika studio akiitwa. Atalazimika kutorekodi kwa mtu mwingine miaka mitano. Lebo inaweza kutoa albamu. Inaweza kuchagua tarehe. Inaweza kubadili jina. Nilipohesabu, "lazima" za mshkaji zilikuwa 23, za lebo 4, na kati ya hizo nne moja inahusu kumpa nakala ya mkataba! Hakuna mahali pameandikwa albamu isipotoka ndani ya muda fulani masta inarudi kwa mwenyewe. Kurasa kumi na moja hazina hicho kitu. Karatasi ya mjomba ya ukurasa mmoja ilisema hivyo hivyo, ila kwa maneno machache na kwa Kiswahili.

Mshkaji akanijibu jambo ambalo sikuwa na jibu lake, na nawaambieni ukweli mpaka sasa sina. "Ticha, nisiposaini nitatoa na nini? Bumu?" Na ni kweli. Studio nzuri, video, kupita kwenye vituo, hivyo vyote ni hela. Leo unaweza kupandisha wimbo wako mtandaoni bila kupita Kariakoo, sawa, wanapandisha maelfu kila siku, nani atausikia? Rakim alikuwa na jina tayari alipoondoka Aftermath. Huyu wetu ana video moja aliyopigwa kwa simu na kesi ya ada.

Ijumaa nikampeleka Feri.

Mjomba yupo upande wa wakaangaji. Asubuhi anaingia mnadani, ananunua ndoo za vibua na jodari akipata, mchana yuko na karai na moshi mpaka macho mekundu. Msidhani anaita wateja kwa vina kama kwenye filamu. Hasemi, anageuza samaki. Tulikaa kwenye ndoo, akafuta mikono, akasoma kurasa zote, polepole, na penseli zangu. Pale penye miaka mitano alirudia mara mbili.

"Wamekuahidi kiasi gani?"

Mshkaji akataja.

"Hela nzuri," mjomba akasema, bila kebehi. "Sisi tulinunua viatu. Nilivivaa miaka mitatu vile viatu." Kisha akauliza, "Hizo ngoma ulizowarekodia kwa majaribio, ziko wapi?"

"Ziko kwao studio, anko."

"Zote?"

"Zote nane."

Mjomba akarudisha karatasi, akasimama kuangalia karai lake. "Mwambieni aweke mwaka na nusu," akaniambia mimi, sio yeye. "Isipotoka mwaka na nusu, zinarudi. Akikataa kuandika hilo, mjomba, muulize anaogopa nini. Ila kabla ya hilo, kazichukueni."

Tukatoka pale na samaki wawili wa bure, tukapita Kariakoo tukanunua flashi ya GB 32. Jumamosi mshkaji akaenda studio, akamwambia prodyuza anataka kusikiliza mistari nyumbani arekebishe. Akapewa, bila tatizo lolote, jamaa wala hakuinua macho kwenye kompyuta. Sasa hivi ngoma nane ziko kwenye ile flashi, nakala ziko kwenye laptop yangu na kwenye ya mtu mmoja aliye Mabibo. Kipengele cha mwaka na nusu tumekiandika kwa Kiingereza, sentensi moja, nimetumia neno la kulazimisha na sio la kuruhusu. Wamejibu kwamba wataliangalia.

Alhamisi ndiyo keshokutwa. Mshkaji yuko hapa anazunguka chumbani kavaa spika masikioni, na mimi nina tesiti ya kusoma.