Hema la Bibi

Katikati ya Marekani ya Kaskazini ziko nyanda kubwa za majani, pana hata mtu akipanda farasi asafiri kutwa haoni mwisho wake. Miti ni haba huko, isipokuwa kandokando ya mito. Wakati wa hari jua huchoma. Wakati wa baridi theluji hufunika nchi yote. Nao upepo wa magharibi huvuma siku baada ya siku, wala hapana kilima cha kuuzuia. Zamani katika nyanda hizo waliishi makabila mengi, kama vile Walakota, Wacheyenne na Wakiowa. Riziki yao ilikuwa nyati wa nchi ile, mnyama mwenye nundu na manyoya mazito, naye hakai mahali pamoja. Nyati akihama, watu nao hawakuwa na budi kuhama.

Je, mtu wa kuhama kila mara atakaa katika nyumba ya namna gani? Akijenga kibanda cha majani, baridi itamwua. Akijenga nyumba ya udongo, ataiacha nyuma. Watu wa nyanda walipata jawabu lao wenyewe, nalo ni hema liitwalo tipi. Neno hilo ni la Kilakota, na maana yake yakaribia kuwa "wanakaa". Mwaka 1541 Wahispania walioongozwa na Coronado walifika katika nyanda hizo, wakawakuta watu wenye mahema ya ngozi, na mbwa wao wakiburura miti na mizigo. Baadaye farasi walioletwa na Wahispania walienea nchini. Farasi ana nguvu kupita mbwa, na kwa hiyo miti ikawa mirefu zaidi, na mahema yakawa makubwa.

Jambo moja yafaa msomaji alijue kwanza. Hema lilikuwa mali ya mwanamke. Mwanamume aliwinda nyati, lakini mwanamke ndiye aliyekwangua ngozi, akazilainisha kwa ubongo wa mnyama, akazishona kwa nyuzi za kano. Hema la kadiri lilitaka ngozi kumi na mbili au zaidi. Mwanamke ndiye aliyelisimamisha, ndiye aliyelibomoa, na ndiye aliyelipakia juu ya farasi. Kwa hiyo binti asiyejua kusimamisha hema alikuwa kama mvuvi asiyejua kufunga tanga.

Basi mfikirie msichana mmoja wa Kilakota, yapata mwaka 1860, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Tangu utoto wake alikuwa akimwona bibi yake akisimamisha hema, tena upesi, haikupita nusu saa. Aliyaona hayo mara nyingi hata akadhani kuwa ameyajua. Siku moja, watu walipofika kando ya mto, akamwambia bibi yake, "Bibi, leo keti upumzike. Hema nitalisimamisha mimi."

Bibi akamtazama, akasema, "Vema, mjukuu wangu." Akaketi juu ya mzigo, mikono yake mapajani. Walakota hawakuwa na desturi ya kuwapigia watoto kelele wakati wa kuwafundisha. Mtoto alitazama, akajaribu, akakosea, akajaribu tena.

Msichana akachagua miti mitatu iliyo imara kupita yote. Ilikuwa misonobari, myembamba na mirefu, iliyochunwa maganda na kulainishwa hata haina kifundo. Akaifunga pamoja karibu na ncha, akaiinua, akaitandaza miguu. Ikasimama. Kila mpishi ajua ya kuwa chungu hakikai juu ya mafiga mawili, lakini mafiga matatu hukishika barabara. Ndivyo ilivyo na miti hiyo: mmoja huanguka, miwili huanguka, bali mitatu iliyofungwa huzuia upepo. Makabila mengine, kama Crow, huanza na miti minne; lakini Walakota huanza na mitatu.

Kisha akaegemeza miti mingine, mmoja mmoja, sehemu kubwa yake katika panda ya mbele, ili kifungo cha juu kisiwe kinene na kuziba njia ya moshi. Akashika kamba ndefu iliyoning'inia kutoka kifungoni, akaizungusha miti yote mara nne, akienda kama jua liendavyo. Mwisho akafunga ngozi katika mti wa nyuma, akauinua kwa msaada wa dada yake, akaivuta ngozi pande zote mbili hata zikakutana mbele.

Alipotazama chini, moyo wake ulianguka. Ngozi haikufika ardhini. Pande zote palikuwa na nafasi ya mkono mzima kati ya ngozi na majani, na mbwa akapita chini yake pasipo kuinama.

"Bibi, ngozi imepungua," akasema.

"Ngozi haikupungua," bibi akajibu. "Jana ilifika chini. Ulipima nini kabla ya kufunga miti yako mitatu?"

Msichana akanyamaza, kwa sababu hakupima kitu. Aliifunga kwa macho tu. Ndipo alipokumbuka ya kuwa bibi, kila mara, hutandika kwanza ngozi chini, akailaza miti mitatu juu yake, akafunga kamba mahali palipolingana na urefu wa ngozi. Alikuwa akiliona jambo hilo siku zote, lakini hakuliuliza sababu yake. Fundo likiwa juu mno, ngozi huning'inia; likiwa chini mno, ngozi hujikunja ardhini. Hema zima, pamoja na watu watakaolala ndani yake, hutegemea fundo hilo moja.

Akabomoa kazi yote. Wanawake wa mahema ya jirani, waliokuwa wamekwisha kuwasha moto, walitazama, lakini hawakucheka. Akaanza tena. Safari hii akapima. Ngozi ikafika chini vizuri. Akaifunga mbele kwa vijiti juu ya mlango. Akaingia ndani, akaisukuma miti nje mpaka ngozi ikawambwa kama ngoma. Akapiga vigingi kuzunguka. Mlango ulielekea mashariki, maana upepo wa nchi ile hutoka magharibi. Wala hema hilo si duara kamili, nalo halisimami wima sawasawa. Mgongo wake ni wima zaidi, na mbele yake huteremka kwa mteremko mrefu, hata laonekana kama mtu aliyeukazia upepo mgongo.

Akatundika na pazia la ngozi upande wa ndani, toka kimo cha kifua hata chini. Mgeni angedhani kuwa pazia hilo ni pambo. Kumbe lina kazi kubwa. Hewa baridi huingia chini ya ngozi ya nje, hupanda kati yake na pazia, ikatoka juu pamoja na moshi. Hivyo waliolala hawapigwi na upepo, na moto hupata njia ya kuvuta moshi wake. Mvua nayo ikiteremka juu ya miti, hupita nyuma ya pazia, isimdondokee mtu.

Palibaki jambo moja. Ile kamba iliyozungushwa miti mara nne, ncha yake yapaswa kuvutwa ndani na kufungwa katika kigingi kilichopigwa ardhini. Msichana alikuwa amechoka. Akaiacha ikining'inia.

"Na kamba hii yangoja nini?" bibi akauliza.

"Leo hakuna upepo, Bibi. Nitaifunga kesho."

Bibi hakusema neno.

Jioni wakawasha moto. Punde si punde hema likajaa moshi, watoto wakakohoa, mdogo wao akalia kwa kuumwa macho. Msichana akatazama juu. Kando ya tundu la moshi yako masikio mawili ya ngozi, na kila sikio lina mti wake mwembamba wa kuligeuza, usimamao nje. Mchana upepo ulitoka magharibi, lakini sasa ulikuwa ukitoka kusini, nao ulikuwa ukiurudisha moshi ndani. Akatoka mbio, akaushika mti wa sikio la kusini, akaligeuza lipe upepo kisogo. Moshi ukapanda juu, watu wakapumua. Bibi akatabasamu, maana hilo hakumwambia mtu, aliliona mwenyewe.

Usiku wa manane upepo ukaja. Haukuja pole pole. Ulikuja kama kundi la nyati wenye kukimbia, hata ardhi ikanguruma. Miti ikaanza kugongana, ngozi ikapiga makofi, na hema zima likainuka kidogo upande wa magharibi, likashuka, likainuka tena. Msichana akashtuka. Mara akaikumbuka kamba. Karibu na moto alikuwa amelala yule mtoto mdogo. Na miti hiyo ikianguka, itamwangukia yeye kwanza. Akatambaa gizani, akipapasa kutafuta kamba kwa mikono miwili.

Hakuipata ikining'inia. Aliipata imekazwa. Bibi alikuwa ameketi katikati ya hema, kamba ameizungushia kiuno chake, miguu ameikaza ardhini, na kando yake kigingi na jiwe la kupigia. Hakuwa amelala tangu jioni.

"Mimi nitashika," akasema. "Wewe piga kigingi."

Msichana akapiga kigingi huku machozi yakimtoka, akafunga kamba, na wote wawili wakaikaza. Hema likatulia. Nje upepo ukaendelea kunguruma hata alfajiri, lakini ndani watoto walilala.

Asubuhi msichana akauliza, "Bibi, mbona hukunilazimisha kuifunga jana?"

Bibi akajibu, "Ningalikulazimisha, ungaliifunga mbele yangu tu. Sasa utaifunga hata siku nisipokuwapo."

Siku hizo zilikuwa karibu kuliko walivyodhani wote wawili. Nyati, ambao walikuwa mamilioni mengi, waliuawa na wawindaji wenye bunduki kwa ajili ya ngozi zao, hata kufika mwaka 1889 walihesabiwa kama elfu moja tu katika Marekani yote ya Kaskazini. Pasipo nyati hapakuwa na ngozi za hema. Wanawake wakaanza kushona mahema ya turubai. Serikali ikawafunga watu katika maeneo waliyotengewa, ikawataka wakae katika nyumba za mbao. Mwaka 1879 ilifunguliwa shule ya Carlisle, mbali sana upande wa mashariki, na watoto wengi wa Kilakota wakapelekwa huko. Walikatwa nywele, wakakatazwa lugha ya mama zao. Walijifunza kusoma, na kusoma ni jambo jema; lakini miaka waliyokuwa mbali ndiyo miaka ambayo mtoto hujifunza kwa bibi yake. Wengi walirudi wakijua kuandika jina la hema, wasijue kulisimamisha.

Walakini maarifa hayo hayakupotea. Wako wanawake wazee walioyahifadhi, wakamfundisha kila aliyekubali kuketi na kutazama. Katika miaka ya 1930 mume na mke, Reginald na Gladys Laubin, walikwenda Standing Rock kukaa na wazee wa Kilakota. Mzee One Bull, mpwa wa yule mkuu Sitting Bull, akawapokea kama wanawe. Wakajifunza hema mti kwa mti na fundo kwa fundo, na mwaka 1957 kitabu chao juu ya hema hilo kikapigwa chapa. Na kila mwaka, mwezi wa Agosti, watu wa kabila la Crow husimamisha mahema kwa mamia kando ya mto katika jimbo la Montana, na watoto huwatazama mama zao wakizungusha kamba.

Wahenga walisema, "Mwana hutazama kisogo cha nina." Naam, lakini kutazama peke yake hakutoshi. Yule msichana alitazama miaka kumi na miwili, asijue kwa nini ngozi hutandikwa chini kwanza. Nawe msomaji, katika nyumba yenu yuko mzee afanyaye jambo fulani kila siku, na mkono wake haukosei: labda hukosi kumwona akisuka ukili, akifinyanga chungu, au akitengeneza mtego wa samaki. Mwulize leo sababu ya kila fundo. Kisha mwombe akuachie kamba uifunge wewe, naye akutazame.