Inchi na Milimita

Tulikuwa tukidhani kipimo ni kipimo tu, mpaka tulipoanza, baada ya saa za masomo, kutengeneza mfano mdogo wa mashine ya mvuke pamoja na wavulana wanne. Kazi hii haina mshahara wala mtihani. Ni ya kujifurahisha. Uingereza ina wapenzi wengi wa kazi hii, na gazeti lao lilianza kupigwa chapa London mwaka 1898. Basi michoro mingi ya zamani imeandikwa kwa inchi, bali shaba na parafujo tuzipatazo dukani huuzwa kwa milimita.

Mchoro wetu ulitaka matundu matano katika mstari, robo inchi toka tundu hata tundu. Robo inchi ni milimita 6.35. Sisi, kwa uvivu, tulimwambia mvulana mmoja atoboe kitako kwa milimita 6, tukisema kilichozidi si kitu. Kifuniko tulikitoboa wenyewe kwa ule upande wa rula wenye inchi, wala hatukukumbuka neno tulilomwambia.

Siku ya kuunganisha, parafujo ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili iliingia kwa kulazimishwa. Ya tatu ilikataa, na ya tano ilikuwa mbali kabisa na tundu lake. Tulimkemea yule mvulana mbele ya wenzake, tukamwita mzembe. Hakujibu. Alichukua rula, akapima kitako, akaigeuza, akapima kifuniko, kisha akasema, "Mwalimu, nafasi ni nne." Yaani kile kidogo tulichokidharau kilirudiwa mara nne, kikawa milimita 1.4, na kitako kiliharibika kwa neno letu. Tuliona haya sana, tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia tukimkemea.

Tangu hapo tumechunguza zaidi. Inchi ni milimita 25.4 kamili, kwa mapatano ya mwaka 1959 ya Uingereza, Marekani na nchi nyingine. Ndiyo sababu kerezo la inchi, likitakiwa kukata parafujo za milimita barabara, hupewa gurudumu la meno 127, maana 25.4 mara tano ni 127. Tena la kuchekesha: parafujo ndogo za Kiingereza ziitwazo BA zilipangwa tangu mwanzo kwa milimita, na ile ya namba 0 ina unene wa milimita 6. Hata reli ya Mombasa hadi Kisumu, waliyoijenga Waingereza kati ya 1896 na 1901, ilikuwa na upana wa mita moja!

Sasa twageuza vipimo vyote kwanza, twaviandika katika daftari moja, na kila tundu hupimwa toka ukingo mmoja, si toka tundu lililotangulia. Mwenye daftari ni yule mvulana. Kitako kipya alikitoboa yeye, na parafujo zote tano ziliingia kwa vidole. Imebaki silinda. Mchoro waitaka nusu inchi, nasi tuna keekee za milimita 12 na 13 tu. Wavulana wangali wakibishana, nasi tumewaachia wakate shauri. Pistoni itakerezwa kufuata tundu watakalolitoboa.