Imelipwa

Mama hatumi ujumbe wa simu kama watu wengine. Anaweka mkato, anaweka nukta, na mwisho anaandika "Wako, Mama" kana kwamba ni barua. Alifundisha shule za msingi wilayani Korogwe kwa miaka 32, na mimi, pamoja na shahada yangu ya kwanza na hii ya uzamili inayonitoa jasho, bado ananirudishia ujumbe nikiandika "xaxa" badala ya "sasa".

Mwishoni mwa Februari aliandika: "Mashine ya sikio la kulia imekufa. La kushoto unalijua. Wako, Mama."

La kushoto halisikii kitu. La kulia lilikuwa linasaidiwa na mashine ndogo inayokaa nyuma ya sikio, na kutoka kwenye mashine unashuka waya mwembamba wenye kispika ncha yake, kinachoingia sikioni. Kilichokufa kilikuwa hicho kispika tu. Mahali tuliponunulia mashine, hapa Dar, waliniambia hawauzi kipande, ninunue mashine nzima. Bei yake sitaitaja. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Usiku ule nilikipata mtandaoni kwa muuzaji mdogo wa Uingereza. Nilijifunza kwamba vispika vya sikio la kulia huwekwa alama nyekundu na vya kushoto bluu, na kwamba urefu wa waya una namba yake. Mama alinisomea namba kutoka kwenye waya wa zamani kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Pauni 55 pamoja na posta. Akatuma shilingi 210,000 kutoka kwenye mgao wake wa kikoba, na zikaingia kwenye simu yangu kabla sijamaliza kuosha sahani. Kutoka Korogwe hadi Dar pesa inasafiri hivyo, na sisi tulishaacha kushangaa; M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, nikiwa bado mtoto.

Muuzaji, bila shaka, hakupokea pesa za simu. Alitaka kadi.

Kadi yangu ya benki ilikataa. Ilibidi kwanza niende tawini kujaza fomu ya kuruhusu manunuzi ya mtandaoni, na tawi lilikuwa na foleni ya mishahara. Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kupitia simu, ile isiyo na plastiki, namba 16 na tatu za usalama. Nikahamishia pesa, nikajaza fomu ya muuzaji. Ikadai postikodi. Nyumba tunayopanga ina kibao cha namba kilichopigiliwa mlangoni tangu zoezi la anwani za makazi la 2022, lakini sikuwa na uhakika na postikodi ya kata yetu, nikaweka sifuri tano. Msimbo ukaja kwa ujumbe mfupi, nikauingiza, ukurasa ukazunguka weee, halafu: malipo yamekataliwa.

Nikatazama salio. Shilingi 187,000 hazipo.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba malipo ya kadi yana hatua mbili. Benki ya mnunuzi inaombwa ruhusa, inasema ndiyo na kuitenga pesa. Muuzaji anaichukua baadaye. Yangu ilitengwa, kisha mfumo wa muuzaji ukaitilia shaka anwani na kugoma. Basi pesa ikawa si yake na si yangu. Huduma kwa wateja wakaniambia nisubiri, itarudi yenyewe.

Siku hiyohiyo, Machi 2, mama akauliza: "Umelipa?"

Kumpigia simu ni kazi. Nikimwamkia "SHIKAMOO MAMA" kwenye korido, wapangaji wenzangu watatu wanaitikia marahaba. Kumweleza habari ya pesa iliyotengwa, kwa sauti ile, isingewezekana. Nikamwandikia: "Imelipwa." Niliweka hata nukta.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwa upole sana: nimtumie pesa kwa jina lake, kwa kampuni ya kutuma pesa, nje ya tovuti, naye atanipunguzia pauni tano. Huenda alikuwa mtu mwema aliyechoka na mifumo kama mimi. Lakini mtu akishapokea pesa mkononi kule ng'ambo, nitamdai kwa nani? Nilikaa na barua pepe ile siku mbili, nikiandika jibu na kulifuta.

Mwishowe nilifanya wanachofanya wanafunzi wengi: nikamtafuta mwenye kadi. Yupo kaka mmoja karibu na hosteli, ana duka la kutoa nakala, kadi yake inapita kila mahali, anatoza asilimia kumi. Sikumfahamu kuliko nilivyomfahamu Mwingereza. Tofauti ni kwamba nilijua anapofungulia duka saa ngapi. Nikachukua pesa niliyoweka kwa ajili ya safari ya kukusanya data, nikamhesabia mkononi. Aliandika anwani ya duka lake na sanduku la posta bila hata kufikiri, akabonyeza, ikapita. "Dada, sasa kunywa maji," akasema. Kumbe nilikuwa natetemeka.

Pesa iliyotengwa ilirudi Machi 20, pungufu kidogo kwa sababu ya viwango vya kubadilisha fedha. Safari ya data niliisogeza mwezi mmoja, na msimamizi wangu hakufurahi.

Kifurushi kilifika Aprili, kidogo kama kiberiti. Nilipanda basi Mbezi asubuhi, mashamba ya mkonge yakaanza kuonekana, nikashuka Korogwe nikiwa nimekishika mkononi njia nzima. Mama alikipachika mwenyewe. Akanyamaza. Akatazama jokofu.

"Hili linavuma hivi siku zote?"

Halafu akanyoosha mkono. Pesa ya kikoba ina daftari lake. "Risiti."

Nilikuwa nimeichapisha palepale dukani bila kuisoma. Yeye aliisoma yote, kidole kikifuata mistari.

"Huyu mwanaume ni nani?"

"Mama, huyo ni—"

"Na hapa ni Machi 14. Wewe uliniandikia imelipwa tarehe mbili."

Nikaanza kueleza, kadi, postikodi, sifuri tano, pesa iliyotengwa, kila neno kwa sauti ile ya korido. Akainua mkono, kama darasani.

"Usinipigie kelele," akasema. "Nakusikia."